Tatu Iliyoandikwa Kumi

Kila asubuhi, kabla hajatoka, Mama Mkubwa alijitazama kwenye kishikwambi kikiwa kimezimwa. Kioo cha ukutani tunacho, lakini kina ufa unaompitia mtu katikati ya uso, na yeye alisema hawezi kuianza siku akiwa na pua mbili. Basi alikishika kile kibao cheusi mbele yake kama mtu anayesoma barua, akafunga kitambaa kichwani, akang'ata midomo ipate rangi kidogo, halafu akakifuta kwa mkono wa fulana. Ndipo akakiwasha.

Fulana ilikuwa ya Kampuni, na kibao kilikuwa cha Kampuni. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba kuwauliza watu wanaionaje Kampuni.

Mama Mkubwa ni dada yake mama yangu. Alinichukua nikiwa na miaka tisa, na shule niliiachia darasa la sita. Tunaishi nyumba ya wapangaji, vyumba vinane vinavyotazamana na bomba moja uani. Chumba chetu na cha Fundi vimetenganishwa na ukuta wa mbao tu. Fundi ni mwanamke anayeshona sare za shule na nguo za maharusi. Akipiga chafya kwake, sisi tunamwambia "afya" tukiwa kitandani kwetu, naye anajibu.

Kabla ya Kampuni, Mama Mkubwa aliuza sabuni mlango kwa mlango, beseni kichwani, miaka kumi na mmoja. Alijua mlango upi unasukumwa, upi una mbwa, na upi una mama mkwe ambaye lazima asalimiwe kwanza. Kampuni ilipotafuta watu wa kukusanya maoni haikuuliza vyeti. Ilitaka mtu ambaye hafungiwi milango.

Kampuni ina jina lake refu, lakini mtaani hakuna anayelitaja. Ni Kampuni tu, kana kwamba duniani hakuna nyingine. Simu ni zake, laini ni zake, na hata pesa watu wanatumiana kwa njia yake. Watu huisema kama wanavyomsema mkwe: asipokuwepo hamalizwi kusemwa, na akibisha hodi anapewa kiti cha mbele.

Maswali yalikuwa kumi na mawili. La kwanza liliuliza ukisikia jina la Kampuni unafikiria neno gani. Muuza mkaa alisema "salio." Kinyozi alisema "subiri," kwa sababu ndilo neno analolisikia kila akiwapigia. Mwalimu mstaafu wa nyumba ya kona aliomba siku mbili za kutafakari. La kumi na moja ndilo kubwa: kuanzia sifuri hadi kumi, unaipa Kampuni alama ngapi? Na la kumi na mbili liliuliza kama umewahi kuona hatari yoyote kwenye simu zao.

Sasa, mtaani kwetu hakuna aliyeipa Kampuni alama. Walimpa Mama Mkubwa. Aliyebisha hodi ni yeye, aliyekalia kigoda chao ni yeye, aliyeuliza mtoto mwenye homa anaendeleaje ni yeye. Mtu kama huyo utampaje nne? Ni sawa na kumkaribisha mgeni maji, halafu ukamwaga nusu chini mbele ya macho yake. Muuza mkaa aliuliza kati ya hizo alama ipi ndiyo kubwa, akaambiwa kumi. Akasema basi aandikiwe kumi, na kama inaruhusiwa aandikiwe na mke wake, ingawa hayupo. Kinyozi alishinda wiki nzima akiitukana Kampuni mbele ya wateja wenye povu kichwani. Zamu yake ilipofika, akatoa kumi wembe ukiwa mkononi.

Mwalimu mstaafu peke yake alitoa sita. Alisema miaka thelathini ya kusahihisha hajampa mtu kumi, hata mtoto wake wa kumzaa.

Hiyo sita ndiyo iliyomfundisha Mama Mkubwa. Alama ikiwa chini ya nane, kibao kilifungua ukurasa mwingine. Eleza sababu kwa maneno yasiyopungua thelathini. Maswali mengine tisa. Piga picha ya simu, mbele na nyuma. Na siku mbili baadaye mtu wa ofisini alipiga kuuliza yale yale upya. Kwa mwalimu alikaa saa nzima na robo. Lakini ukiandika kumi, maua madogo yaliruka kwenye kioo, kengele ikalia, kibao kikasema asante na kujifunga. Na kwa siku walitaka nyumba ishirini. Akaanza kuwaambia watu mapema, hata kabla hajaketi, kwamba kumi ndiyo fupi. Hakudanganya. Kumi ilikuwa fupi kweli.

Watoto wakamwita Mama Kumi. Alilipenda jina hilo, nilimwona. Alikuwa akigeuka kabla hawajamaliza kulitamka.

Mwezi wa tano Kampuni ikasimamisha bango njia panda. Lilisema mtaa huu umetupa kumi kwa kumi, asanteni kwa kutupenda. Watu walisimama kulisoma, na muuza mkaa akauliza ni nani hao wenye mapenzi yote hayo. Kinyozi akamwambia, "Ni wewe na mkeo ambaye hakuwepo." Walicheka mpaka mtu mmoja akamwaga ndoo yake. Mama Mkubwa alipita chini ya bango lile na kidevu juu. Jioni aliniambia ameniandikisha jina langu pia, maana Kampuni itachukua vijana wapya wa kupeleka mitaa mingine. Sijawahi kuwa na kazi. Nililala nikijiona ndani ya fulana ile.

Fundi, Mama Mkubwa alimwacha wa mwisho, kwa sababu ni jirani na hakimbii. Ilikuwa karibu na saa sita mchana. Mama Mkubwa aliniachia chungu jikoni, kisha akanipokonya, kisha akaniachia tena, akaenda mlango wa pili na kibao chake. Nilikuwa nakunja nguo. Nilisikia yote, maana katika nyumba yetu kutosikia ndiyo kazi.

Walikwenda vizuri mpaka swali la kumi na moja.

"Andika tatu, dada," Fundi alisema. "Hii simu ikichajiwa inakuwa moto kama pasi. Juzi imevimba mgongo, hata kifuniko hakifungi."

"Tatu ina maswali mpaka jua lizame," Mama Mkubwa akasema, "na mimi nina chungu jikoni. Niweke kumi tumalize?"

Fundi akacheka. "Haya, weka kumi. Ingekuwa mwingine nisingekubali."

Nilisubiri kusikia swali la kumi na mbili. Sikulisikia. Nilisikia kengele ndogo ya maua.

Mama Mkubwa aliingia, akakoroga chungu, akaniuliza kama chumvi imekolea. Nikasema imekolea.

Wiki tatu baadaye, mchana, simu ya Fundi ilipasuka juu ya meza ya cherehani. Mlio wenyewe haukuwa mkubwa, kama mfuniko wa sufuria unaoanguka sakafuni. Alikuwa anashona shela la bibi harusi, kitambaa chepesi kama moshi. Moto ulipoanza kulila shela, Fundi aliikamata simu kwa mkono wa kulia ili aitupe dirishani, ikagandia kiganjani. Tulipomfikia, shela lilikuwa halipo tena, meza ilikuwa nyeusi, naye alikuwa ameukumbatia mkono wake kama mtu anayembembeleza mtoto, akituambia tuzime kwanza zile sare za watu.

Hospitali walisema ngozi itafunga, lakini kidole gumba na cha pili havitakunjika kama zamani bila matibabu marefu. Hivyo viwili ndivyo vinavyoshika mkasi.

Mama Mkubwa alirudi kutoka kazini akamkuta Fundi mlangoni, mkono wenye bandeji ukiwa juu ya mto. Alisema pole mara nyingi sana, mpaka Fundi akawa ndiye anayembembeleza yeye. Tangu siku hiyo alimpikia. Alimfulia, alimwosha nywele, alimwogesha mgongo, hata mapazia ambayo hayakuwa machafu aliyashusha akayafua. Wapangaji wakamsifu, wakasema jirani mwema ni ndugu. Kila wakimsifu alitafuta kitu cha kuokota chini.

Fundi akapeleka malalamiko. Alitaka mambo mawili tu: Kampuni imtibu mpaka vidole vikunjike, na iwatangazie watu waache kuchaji simu za aina ile. Ofisi ikamwita siku ya Alhamisi. Niliongozana naye kwa sababu hakuweza kubeba mkoba pamoja na karatasi za hospitali. Mama Mkubwa alikuwa ametangulia kazini asubuhi, akisema ana kikao.

Ndani ya ofisi kulikuwa na baridi ya mashine na viti vya rangi ya Kampuni. Msimamizi ni kijana mwenye sauti laini anayemwita kila mwanamke mama yangu. Alisoma karatasi zote bila haraka, akatoa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli, nadhani. Kisha akaigeuza kompyuta yake tuione.

"Mama yangu, wiki tatu kabla ya ajali ulitupa kumi. Na hapa, swali la hatari, jibu ni hakuna. Simu ilikuwa nzima. Kama ilikuwa nzima, basi imeharibikia nyumbani, labda kwa chaja ya mitaani. Sasa nishike lipi?"

Fundi alisema aliyeandika ni mtu wao, na aliambiwa simu imevimba. Msimamizi akasema ni haki kabisa mtu huyo aulizwe. Akafungua mlango wa ndani, akamwita Mama Mkubwa. Hicho ndicho kikao alichokuwa nacho.

Alisimama karibu na mlango. Aliletewa kiti, hakukikalia.

"Ni wewe uliyejaza?"

"Ni mimi."

"Na hiyo kumi, aliisema mwenyewe?"

Mimi nilitazama vigae vya sakafuni. Vilikuwa vyeupe, kila cha nne kina doa la bluu. Nilihesabu madoa saba kabla hajajibu.

"Mwisho alisema kumi," Mama Mkubwa akasema.

Msimamizi akamgeukia Fundi amthibitishie. Fundi alimtazama Mama Mkubwa, si kwa hasira. Alimtazama kama unavyomtazama mtu mzima ambaye nguo yake imefunguka nyuma mbele ya watu, hujui umwambie vipi. Pengine alikuwa anafikiria kodi yetu, au mimi, sijui.

"Ni kweli," akasema. "Nilisema kumi."

Yale ya mwanzo, tatu na mgongo wa simu uliovimba, hayakusemwa tena na mtu. Mdomo nilikuwa nao. Masikio yaliyosikia nilikuwa nayo hapo hapo kichwani. Lakini jina langu lilikuwa kwenye orodha ya vijana wapya, na orodha ilikuwa juu ya meza ile ile, niliiona, jina langu la sita kutoka juu.

Wakamletea Fundi karatasi ya kufunga malalamiko. Alitia sahihi kwa mkono wa kushoto, herufi zikapanda juu kama zinakimbia mstari. Wakampa mwavuli wenye nembo ya Kampuni kwa ajili ya usumbufu. Tulirudi kwa miguu. Jua lilikuwa kali, na hakuna aliyeufungua.

Kuanzia hapo Fundi hakumnunia Mama Mkubwa hata siku moja, na hilo lilikuwa baya kuliko matusi. Alimsalimia. Aliitikia. Ila kikombe kilichopelekwa kwake kilirudi kimeoshwa, na chakula ndani ya sahani hakijaguswa. "Pumzika, dada," alimwambia. "Mkono mmoja nimeshauzoea." Wateja wake wa sare walianza kwenda kwa fundi mwingine. Sauti ya cherehani upande wa pili wa ukuta ilikwisha, na sisi tukaanza kusikia jinsi chumba chetu kilivyo kimya.

Mtaani habari haina mguu lakini hufika. Duru mpya ya maswali ilipoanza, Mama Mkubwa akibisha hodi, kabla hajafungua mdomo anaambiwa aandike kumi aende zake. Muuza mkaa, ambaye mdomo wake hauna breki, alimwambia mbele ya foleni nzima, "Hata siku nikiungua, Mama Kumi, wewe andika kumi." Watu wakacheka. Mama Mkubwa naye akacheka, akaandika kumi. Nilikuwa kwenye foleni ile na debe langu. Nilijifanya natafuta chenji.

Akaanza kutoka nyumbani na fulana ndani ya mfuko wa plastiki, anaivalia kona ya mbali. Aliacha kuteka maji wenzake wakiwa bombani.

Jumapili moja, tukichambua mchele sakafuni, aliniuliza bila kuinua macho.

"Siku ile ulisikia?"

"Nilisikia."

"Yote?"

"Mpaka kengele."

Alitoa jiwe, akaliweka pembeni, akatoa jingine. "Na kule ofisini, mbona hukusema?"

Nikasema na yeye hakusema. Hilo si jibu la kumpa mtu aliyekulea, na nilitamani nilirudishe kabla halijamfikia. Alitikisa sinia, akapuliza makapi. Akasema tu kwamba kesho nisichelewe, mafunzo yanaanza saa mbili.

Tulikuwa vijana kumi na watano, kila mmoja na fulana mpya yenye mikunjo ya boksi. Kadi zetu zilikuwa na picha. Yangu ilinitoa macho makubwa kama mtu aliyeitwa ghafla. Mama Mkubwa alikaa kiti cha mbele, pembeni, kile cha walimu. Msimamizi akatuambia huyu mama ndiye bora kuliko wote. Katika kila watu mia, tisini na wanane walimpa kumi. Hakuna mtaa mwingine unaoipenda Kampuni kiasi hicho. Tukapiga makofi, mimi pia.

"Mama yetu," akasema, "wape wanao siri."

Mama Mkubwa akasimama, akashika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. Alianza na mambo ya kawaida: salimieni wazee kwanza, msipite katikati ya watu wanaokula, msikae kama hamjakaribishwa. Vijana wakaandika.

"Siri ni kwamba nilikuwa na haraka," akasema. "Nilikuwa na chungu jikoni."

Watu wakacheka, na msimamizi pia.

"Jirani yangu aliniambia niandike tatu. Akaniambia simu imevimba mgongo. Mimi nikamwambia kumi ndiyo fupi. Swali la kumi na mbili sikumuuliza, nikajijazia mwenyewe hakuna hatari, nikaenda kukoroga chungu. Ni fundi wa nguo. Leo mkasi haumkai mkononi."

Kicheko kilikufa mstari kwa mstari, kuanzia mbele. Msimamizi akasema mama yangu anatania.

"Sitanii, mwanangu. Ukaniita chumba kile pale, ukaniuliza, nikasema mwisho alisema kumi. Neno la mwisho nililitoa, la kwanza nikalimeza. Na yeye akanifichia, akiwa na mkono ule ule ulioungua."

Sauti haikumpanda. Alikuwa anasema kama mtu anayeelekeza njia. Shingo yake ndiyo iliyokuwa imebadilika rangi, mpaka chini ya kamba ya kadi.

Kijana mmoja wa mbele aliinua kalamu. Akauliza kwa heshima, kwa hiyo mtu akisema tatu waandike ngapi?

"Tatu," Mama Mkubwa akasema. "Hata kama chungu kinaungua."

Msimamizi akamsogelea, akamwambia kwa upole kwamba faili lile limefungwa, na alama ikishatumwa hairudi, ni ya Kampuni. Wataongea vizuri baadaye, wawili tu. Akaenda mwenyewe kumletea glasi ya maji. Mama Mkubwa aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka juu ya meza bila kuinywa.

Kisha akatutazama, kiti kwa kiti, mpaka akanifikia. Nilidhani ataniita. Kama angeniita ningesimama, hivyo ndivyo ninavyojiambia. Hakuniita. Alinitazama muda unaomtosha mtu kuinuka mwenyewe akitaka, na mimi nikatazama kadi yangu, nikainyoosha kamba ambayo ilikuwa imenyooka.

Akatoka. Kupitia kioo nilimwona akivuka ua. Mlinzi alimsalimia, akamwitikia, akasimama hata kumuuliza jambo, labda habari za nyumbani. Halafu akapita geti na ukuta ukamficha.

Msimamizi akatazama saa. Akasema tuendelee, mama atarudi akishapoa. Tukafungua vibao, tukaanza swali la kwanza, tukaulizana sisi kwa sisi, mwenzangu akaniuliza nikisikia jina la Kampuni nafikiria neno gani, nami nikamwambia aniandikie la kwake. Tukafika la tano, tukafika la kumi na mbili. Kiti cha pembeni kilibaki wazi mpaka tulipotoka. Kesho yake alikikalia mtu mwingine.